Siku Moja Kampala: Askari na Jamaa Yake Mbele ya Kumbukumbu za Taifa

Ni desturi ya askari wengi, wapatapo likizo fupi, kuimaliza kambini wakilala, au kuipeleka kijijini wakaezeka nyumba na kupalilia migomba. Hayo si mabaya. Lakini wapo watoto wetu waliozaliwa katika nyumba za kambi, wanaoimba wimbo wa taifa kila wiki shuleni, ambao hawajapata kuuona mji mkuu wa taifa hilo ila kutoka juu ya lori, siku baba zao walipohamishwa kituo. Kwa sababu hiyo, nilipopewa siku nne za mapumziko, mimi na mke wangu tuliazimu kuwachukua watoto wetu watatu tukazuru kumbukumbu za jiji la Kampala kwa siku moja, tangu asubuhi hadi magharibi.

Naandika habari za safari hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba safari ya namna hii haihitaji fedha nyingi, na askari wa cheo chochote aweza kuifanya. Ya pili ni kwamba katika safari hiyo niliulizwa swali ambalo sikuwa nimelitayarishia jibu. Nadhani kila avaaye sare, awe mwanajeshi au polisi, ataulizwa swali hilo na mtoto wake siku moja.

Tuliondoka kambini saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu alikuwa amechemsha mayai na viazi vitamu tangu usiku, akafunga na chapati ndani ya kitambaa safi. Mimi nilivaa nguo za kiraia, kwa kuwa likizo ni likizo. Lazima niseme pia kwamba nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili. Mke wangu ni wa kabila lake nami ni wa kabila langu, tulikutana katika maisha ya kambi, na watoto wetu wamekua na lugha hiyo midomoni. Msomaji ataona baadaye kwa nini nimelitaja jambo hili.

KILIMA KILICHOUPA MJI JINA

Tulianzia Kampala ya Kale, kilima ambacho jiji lote limepata jina kwacho. Wazee husema kwamba hapo zamani paa wa namna ya swala, aitwaye mpala, walilishwa katika vilima hivi. Waganda wakakiita kilima hicho kasozi ka mpala, yaani kilima cha swala, na wageni wakalifupisha jina.

Ni juu ya kilima hiki ambapo Kapteni Frederick Lugard alijenga ngome yake mwezi Desemba 1890, akiwa mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa idhini ya kutawala na kufanya biashara Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata Lugard alikwenda magharibi hadi karibu na Ziwa Albert, akawaandikisha askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko baada ya Emin Pasha kuondoka. Askari hao, pamoja na wake zao na watoto wao, ndio shina la Wanubi wa Uganda. Kutokana nao liliundwa jeshi la Uganda Rifles mwaka 1895, na mwaka 1902 jeshi hilo likawa batalioni ya nne ya King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliita Keya. Hivyo mahali pale pana asili ya kazi yetu. Niliwaambia watoto kwamba bunduki ya kwanza ya serikali katika nchi hii ilisimama kilimani hapo, na iliyoisimamisha ni kampuni ya watu wa mbali, kwa faida yao wenyewe.

Ngome ile ya asili haipo tena. Mahali pake umejengwa msikiti mkubwa wa taifa, ambao ujenzi wake ulianza wakati wa Idi Amin, ukasimama miaka mingi, ukamalizika baadaye kwa msaada wa Libya. Mfano wa ngome umejengwa kando yake ili historia isipotee. Wageni wa dini zote hupokelewa kwa adabu. Mke wangu na binti yetu walipewa mavazi ya kujistiri, sote tukavua viatu. Kisha tukapanda mnara wenye ngazi zaidi ya 300. Mtoto wetu wa pili, mvulana wa miaka kumi, alijitia kuzihesabu, akapotewa na hesabu njiani, akataka turudi chini tuanze upya! Mama yake alikataa kwa maneno machache.

Ukiwa juu ya mnara ule unauona mji wote kama ramani iliyotandikwa mezani. Tuliwaonyesha watoto kilima cha Namirembe chenye kanisa kuu la Waanglikana, kilima cha Rubaga chenye kanisa kuu la Wakatoliki, kilima cha Kasubi yalipo makaburi ya wafalme, Nakasero yenye ofisi za serikali, na kwa mbali Kololo. Tukawaonyesha na Mengo, ambako ndiko tulikokuwa tukienda.

UKUTA WA MENGO

Kutoka Kampala ya Kale tulitembea kwa miguu mpaka Bulange, jengo la baraza la Buganda. Mbele yake huanza barabara iliyonyooka kama uzi hadi lango la ikulu ya Kabaka. Katikati ya barabara hiyo pana mzunguko wa magari. Watu wote sharti wauzunguke, lakini pana kijia kinachopita katikati yake chenye geti, nacho ni cha Kabaka peke yake. Jambo hilo liliwafurahisha sana watoto. Kitindamimba wetu, mwenye miaka sita, alitaka kujua kama Kabaka akiwa amechelewa huruhusiwa kukimbia.

Furaha hiyo ilikoma ndani ya ukuta.

Tulipewa mwongozaji, kijana mwenye heshima, aliyetueleza mambo kwa Kiingereza na Kiganda, nami nikawa nawafasiria watoto kwa Kiswahili. Aliposikia lugha yetu alinitazama mara moja, kisha akatazama chini. Sikumlaumu. Jijini Kampala wapo watu wengi wa umri mkubwa ambao Kiswahili walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwaamuru watoe mali au walale chini. Lugha iliyowaunganisha makabila ndani ya kambi iliwatia hofu watu waliokuwa nje ya kambi. Hiyo ni aibu ambayo haikuletwa na lugha yenyewe. Ililetwa na vinywa vilivyoitumia.

Akaendelea na habari yake. Tarehe 24 Mei 1966, baada ya ugomvi kati ya Waziri Mkuu Milton Obote na Kabaka Sir Edward Muteesa II, ambaye alikuwa pia Rais wa kwanza wa Uganda tangu 1963, jeshi liliishambulia ikulu hiyo chini ya uongozi wa Idi Amin. Walinzi wa Kabaka walikuwa wachache, lakini mapigano yalidumu saa nyingi. Mvua kubwa iliponyesha, Kabaka alipanda ukuta akaruka nje, akatoroka hadi nchi za jirani, kisha akafika Uingereza. Mwaka 1967 katiba mpya ilifuta falme zote. Ikulu ikageuzwa kambi ya jeshi, ikabaki hivyo kwa miaka mingi. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, na baadaye jumba likarejea mikononi mwa wenyewe.

Kisha kijana yule akatushusha kwenye mteremko nyuma ya jumba, mpaka kwenye mlango uliochimbwa ubavuni mwa kilima. Ndani yake pana ujia wa saruji, mpana na wenye giza, na kando yake vyumba vilivyo juu kuliko sakafu. Mahali hapo palijengwa katika miaka ya Amin pawe ghala ya silaha, lakini pakageuzwa gereza la mateso. Waongozaji hueleza kwamba ujia ulijazwa maji yaliyotiwa umeme, ili aliyefungwa katika vyumba vile asiweze kutoka akiwa hai. Kutani mna alama za viganja vya mikono, na maneno yaliyoandikwa kwa mkaa. Mmoja wa waliofungwa humo aliandika kwa Kiganda akimwambia Obote kwamba yeye amekwisha kumwua, lakini watoto wake je, watakuwaje?

Nilipofika maneno hayo nilisita kuyafasiri. Mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, usiwafiche. Wameletwa waone."

Nikayafasiri. Wakati huo kitindamimba wetu, ambaye hakuwa ameelewa mengi, alimshika kijana yule mkono akamwambia kwa Kiingereza chake cha shule, kwa majivuno ya mtoto, "Baba yangu ni askari."

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwa Kiswahili kizuri tu, ambacho kumbe alikuwa nacho wakati wote, "Basi asante kwa kuja, mzee. Wengine hawaji."

Tulipotoka kwenye mwanga, kifunguamimba wetu, msichana wa miaka kumi na minne, alitembea kando yangu bila kusema neno hadi karibu na lango. Ndipo akauliza, "Baba, wale waliokuwa wakifunga milango ile walikuwa na watoto nyumbani?"

Nikasema, "Bila shaka wengine walikuwa nao."

Akasema, "Na wewe ungeamriwa, ungefanya nini?"

Ndugu msomaji, nimesimama mbele ya maofisa wengi wakali katika utumishi wangu, na sikuwahi kukosa jibu. Siku hiyo nililikosa. Nilimwambia, "Nitakujibu kabla ya jua kutua." Tukapanda teksi kwenda Kasubi.

MAKABURI YA KASUBI

Kasubi ni mahali pa utulivu. Kabaka Muteesa I alijenga ikulu yake hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 alizikwa ndani ya nyumba yake kubwa, Muzibu-Azaala-Mpanga. Wamelala hapo wafalme wanne: Muteesa I, Mwanga II, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na mifupa yake ikarudishwa 1910, Daudi Chwa II, aliyefariki 1939, na Muteesa II, yule yule aliyeruka ukuta wa Mengo.

Nyumba hiyo ya nyasi ni kazi ya ajabu. Paa lake linashuka mpaka karibu na ardhi, na ndani yake pete 52 za matete hushikilia dari, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza, na watu wa nchi hii wakalia kama waliofiwa. Kazi ya kuijenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa kila sehemu ina ukoo wake wenye haki na wajibu wa kuishughulikia, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya mali zilizo hatarini. Tuliitazama kutoka uani tukiwa kimya, tukakumbuka kwamba kilichoteketea usiku mmoja kimegharimu miaka kukirudisha.

Nilimweleza binti yangu kwamba Muteesa II alikuwa na cheo katika kikosi cha Grenadier Guards cha Uingereza, na kwamba alifariki London mwaka 1969. Mwaka 1971, Amin alipokwisha kuipindua serikali ya Obote, mwili wa Kabaka uliletwa nyumbani ukazikwa kwa heshima. Aliyeruhusu mazishi hayo ndiye aliyekuwa ameongoza mashambulizi ya Mengo miaka mitano kabla. Binti yangu alitikisa kichwa akasema kwamba historia ya wakubwa ni ngumu. Nikamwambia ni ngumu hata kwa wakubwa wenyewe.

Tulikula chakula chetu nje ya uzio, chini ya mti, tukamenya mayai na kunywa maji. Kisha tukarudi katikati ya jiji.

MNARA WA WALIOKUFA MBALI

Saa tisa alasiri tulikuwa kwenye Uwanja wa Katiba, ulio kati ya mahakama kuu na kituo kikuu cha polisi. Magari ya Kampala hayana huruma kwa mtembea kwa miguu, na pikipiki zake hazina hata macho. Tulisimama ukingoni mwa barabara kwa muda mrefu. Ndipo askari mwanamke wa usalama barabarani, katika sare yake nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, alipotuona, akanyosha mkono, magari pande zote yakasimama kama yaliyopigwa breki na mtu mmoja. Akamwongoza kitindamimba wetu kwa mkono hadi ng'ambo. Hakujua kwamba mimi ni askari mwenziwe, wala hakuuliza sisi ni wa kabila gani au wa chama gani. Binti yangu aligeuka akamtazama mpaka alipofichwa na magari.

Katika uwanja huo upo mnara wa kuwakumbuka Waganda waliokufa katika vita viwili vikuu vya dunia. Watu wengi hupita wakienda kazini bila kuutupia jicho. Sisi tulisimama. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wazee wetu wa Keya walipigana na majeshi ya Wajerumani katika Tanganyika na Msumbiji, na wapagazi wasiohesabika walikufa kwa njaa na maradhi wakiwa na mizigo vichwani. Katika vita vya 1939 hadi 1945, wanaume wa Uganda wapatao 77,000 waliandikishwa. Walifika Uhabeshi, Madagaska na Burma. Babu yake mke wangu alikuwa mmoja wao. Alirudi kutoka Burma na vitu viwili: koti zito la jeshi, na Kiswahili. Koti liliisha kwa nondo, lakini Kiswahili kimefika kwa vitukuu vyake, nao walikuwa wamesimama pale mbele ya mnara wake wakikizungumza. Mke wangu alichuma ua dogo la njia akaliweka chini ya jiwe.

Tukapita Bunge, tukaona tao lililojengwa mlangoni kuwa ukumbusho wa uhuru wa mwaka 1962. Watoto walikuwa wamechoka, hatukukaa sana.

MAMA NA MTOTO

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipofika kwenye Sanamu ya Uhuru, kando ya Barabara ya Nile. Ilitengenezwa na Gregory Maloba, mchongaji aliyezaliwa Kenya akasoma na kufundisha Makerere. Hivyo alama kuu ya uhuru wetu ilitoka katika mikono ya ndugu wa jirani. Ni sanamu ndefu ya mama aliyefungwa vitambaa mwilini kama mtu anayefunguliwa kutoka kifungoni, naye amemwinua mtoto juu. Mtoto ameinua mikono mbinguni. Sisi sote tumeiona kwenye fedha na kwenye vitabu, lakini kusimama chini yake ni jambo jingine, kwa kuwa unapata kuona uzito wa mtoto katika mikono ya mama.

Niliwasimulia watoto habari za usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962 katika uwanja wa Kololo, bendera ya Mwingereza iliposhushwa na bendera ya rangi nyeusi, manjano na nyekundu ikapandishwa kwa mara ya kwanza. Mikono iliyoipandisha ilikuwa ya askari, afisa kijana aitwaye Kanuti Akorimo. Nikasema, "Mikono ya askari iliipandisha bendera hii. Miaka minne haijatimia, mikono ya askari ikavunja lango la Mengo. Mikono ni ile ile."

Ndipo binti yangu akasema, "Baba, jua linatua."

Nilimjibu hivi. Nilimwambia kwamba siwezi kuapa kuwa ningalikuwa jasiri, kwa maana hakuna mtu ajuaye ujasiri wake kabla ya siku yake. Lakini waliokuwa askari wakati ule waliweza kujidanganya kwamba amri ni amri, na mimi sina nafasi ya kujidanganya hivyo. Katiba yetu ya mwaka 1995 yakataza mateso bila ya kubakiza hali yoyote. Sheria ya kuzuia mateso ya mwaka 2012 yasema waziwazi kwamba amri ya mkubwa si udhuru. Katiba hiyo yalitaka jeshi liwe la taifa zima, lisilo na chama, lenye nidhamu na lililo chini ya mamlaka ya raia, na polisi vivyo hivyo iwe ya kizalendo, yenye ustadi na nidhamu. Nikamwambia, "Kwa hiyo nikiamriwa kulinda, nitalinda hata nife. Nikiamriwa kumtesa mtu aliyefungwa, hiyo si amri, na nikiifuata, kosa ni langu. Ukisikia siku moja kwamba baba yako amefanya jambo kama lile, usinitetee."

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Nimesikia, Baba." Hakusema zaidi, wala sikumwuliza. Kitindamimba alikuwa amekwisha kulala begani pangu.

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, askari wa jeshi na wa polisi, ninyi mlio karibu na Kampala mnaweza kuifanya safari hii kwa nauli ya teksi, ada ndogo za kuingilia na chakula cha kubeba. Ondokeni mapema, vaeni viatu vyepesi, na mwacheni mwongozaji aseme yote bila kumkatiza. Mlio mbali, kila wilaya ina mahali pake pa kukumbukwa. Msiwapeleke watoto kwenye bendera peke yake. Wapelekeni na kwenye ukuta wenye alama za viganja, na mkubali kuulizwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na askari naye hulelewa na macho ya watoto wake.

Tulirudi kambini usiku. Kesho yake asubuhi nilipokuwa nikifunga mkanda wa sare, binti yangu alisimama mlangoni akinitazama, kisha akachukua mtungi akaenda bombani. Nikaufunga mkanda polepole kuliko siku zote.